Watoto Waliosoma kwa Siri

Huenda, msomaji, umepata kukatazwa kusoma kitabu fulani. Mzazi wako alikiona mkononi mwako, akakitwaa, akakiweka juu ya kabati, akakuambia kwamba hicho si cha rika lako. Nawe, kwa kuwa binadamu hupenda sana kujua anachofichwa, ulingoja aende sokoni, ukavuta kiti, ukapanda. Jambo hilo si geni duniani, wala sikusudii kukukemea kwa ajili yake. Nakusudia kukusimulia habari za watoto wengine, ambao kukatazwa kwao kulikuwa kwa namna nyingine kabisa. Kwao wao aliyekataza hakuwa mzazi bali serikali. Na aliyepanda kitini akawashushia kitabu alikuwa mzazi mwenyewe.

Yafaa tuitambue tofauti iliyopo kati ya makatazo hayo mawili kabla ya kuendelea. Mzazi amkatazapo mtoto kitabu, kwa kawaida husema, "Bado." Maana yake ni kwamba mtoto akikua atakisoma akipenda, na wakati huo hatakuwapo wa kumzuia. Lakini mtawala akatazapo kitabu husema, "Kamwe." Hamkatazi mtoto kwa sababu ni mtoto, humkataza kwa kumwogopa mtu mzima ambaye mtoto huyo atakuwa. Ukishika neno hili utaielewa vizuri historia ninayotaka kukueleza.

Chukua ramani ya Ulaya uitazame. Upande wa kaskazini, kando ya Bahari ya Baltiki, utaziona nchi mbili zinazopakana: Polandi na Lithuania. Hapo kale nchi hizo ziliungana zikawa dola moja kubwa. Kufikia mwaka 1795 majirani zake wenye nguvu, yaani Urusi, Prusia na Austria, walikuwa wamekwisha kuigawanya dola hiyo kama watu wagawanavyo nyama ya mnyama aliyechinjwa, hata jina lake likafutika katika ramani. Katika sehemu kubwa ya karne ya 19, mji wa Warsaw na karibu Lithuania yote zilikuwa chini ya Kaisari wa Urusi.

Wenyeji hawakuridhika. Waliasi mwaka 1830, wakashindwa. Na mwaka 1832 serikali ikakifunga Chuo Kikuu cha Vilnius, kilichokuwa fahari ya Lithuania. Waliasi tena mwaka 1863, wakashindwa mara ya pili. Baada ya uasi huo wa pili wakuu wa Kirusi waliona kwamba upanga peke yake hautoshi. Mtu mzima aliyekwisha kujua yeye ni nani ni vigumu kumgeuza, lakini mtoto aweza kugeuzwa. Wahenga wetu husema, samaki mkunje angali mbichi. Na watawala hao, ingawa hawakupata kuisikia methali hiyo, waliifuata kikamilifu. Wakaugeukia ubao wa darasani na kitabu cha mtoto.

Twende kwanza Warsaw, mnamo mwaka 1878 hivi, katika shule moja ya wasichana. Kwa amri ya serikali masomo yote yalipaswa kufundishwa kwa Kirusi, na historia ya Polandi ilikuwa haina ruhusa kufundishwa. Walakini katika shule hiyo mwalimu alikuwa akiwafundisha wasichana wake historia ya nchi yao kwa lugha yao wenyewe, na somo hilo liliandikwa katika ratiba kwa jina lisilo lake. Miongoni mwa wanafunzi alikuwamo msichana wa miaka kumi hivi, mwenye akili nyingi na kumbukumbu ya ajabu, jina lake Maria Skłodowska. Habari za siku moja darasani humo zimesimuliwa na bintiye, Eve, katika kitabu alichokiandika juu ya maisha ya mama yake mwaka 1937.

Siku hiyo somo la siri lilikuwa linaendelea, kengele ikalia kwa namna iliyokuwa imeafikiwa kuwa ishara ya hatari. Mkaguzi wa serikali amewasili. Mara moja, bila ya kelele, wasichana wachache wakavikusanya vitabu na madaftari ya Kipolandi, wakayatia katika aproni zao, wakakimbia kuyaficha katika bweni, wakarudi mahali pao. Mkaguzi alipofungua mlango aliwakuta wasichana wameinamia vitambaa, wanashona. Mwalimu alikuwa na kitabu cha hadithi za Kirusi mbele yake, kana kwamba ndicho alichokuwa akiwasomea. Mkaguzi akafunua dawati moja. Halikuwa na kitu.

Kisha akataka mwanafunzi mmoja asimame ajibu maswali. Mwalimu akamwita Maria, maana ndiye aliyekijua Kirusi vizuri kuliko wenziwe. Akaamriwa aseme Sala ya Bwana kwa Kirusi, akaisema. Akaamriwa ataje majina ya makaisari wa Urusi kwa taratibu, akayataja. Mwisho akaulizwa ni nani anayewatawala. Hapo mtoto alisita, kwa kuwa jibu lile lilimchoma moyoni. Lakini alijibu kama ilivyompasa, ya kwamba ni Aleksander wa Pili, Kaisari wa Urusi yote. Mkaguzi akaridhika, akaenda zake. Mwalimu akamwita Maria, akambusu katika paji la uso. Na hapo mtoto akaangua kilio.

Fikiri kidogo, msomaji, juu ya machozi hayo. Alikuwa amejibu kila swali sawasawa, na shule nzima iliokoka kwa sababu yake. Alilia kwa nini? Alilia kwa kuwa alilazimishwa kusema kwa kinywa chake jambo ambalo moyo wake uliukataa. Watu wengi wasimuliapo habari za vitabu vya siri huzisimulia kama mchezo wa kujificha, wenye furaha na ujanja. Ujanja ulikuwapo, ndiyo; lakini pia mtoto alijifunza mapema kuwa na nyuso mbili, moja ya mkaguzi na moja ya nyumbani. Huo ni mzigo mzito kwa mtu wa miaka kumi, na aliyewatwika watoto mzigo huo hakuwa mwalimu wao.

Msichana huyo alipokua alikwenda Ufaransa kusoma, mwaka 1891, akawa mwanasayansi mkubwa ambaye dunia yamjua kwa jina la Marie Curie. Mwaka 1898 yeye na mumewe Pierre waligundua elementi mpya, naye akaipa jina la poloniamu kwa heshima ya Polandi, nchi ambayo siku hizo haikuwamo katika ramani yoyote. Yale majina ya makaisari aliyafunzwa kwa nguvu; jina la nchi yake alilipenda kwa hiari, akaliandika mahali ambapo hakuna mkaguzi awezaye kulifuta.

Sasa tuvuke mpaka tuingie Lithuania, maana huko katazo lilikuwa kubwa zaidi. Huko Warsaw vitabu vya Kipolandi viliweza kuchapishwa, ingawa vilikaguliwa kwa ukali; katika Lithuania kitabu chenyewe cha Kilithuania, kilichoandikwa kwa herufi kilizokuwa kikiandikiwa tangu zamani, kilikuwa kosa. Mwaka 1864 gavana mkuu aliyekaa Vilnius, Mikhail Muravyov, alipiga marufuku vitabu vya kufundishia watoto kusoma Kilithuania kwa herufi za Kilatini, yaani herufi hizi hizi tunazozitumia wewe na mimi. Mwaka uliofuata marufuku ikapanuliwa ikawa ya kila kitabu na kila gazeti la Kilithuania lenye herufi hizo, na katika dola nzima ya Urusi. Aliyetaka kusoma Kilithuania alipaswa kukisoma kwa herufi za Kirusi, katika vitabu vilivyotolewa na serikali yenyewe.

Labda utauliza: herufi ni nini hata watu wagombane kwa ajili yake? Lugha si ile ile? Swali lako ni jema, na Kiswahili chetu chaweza kutusaidia kulijibu. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Tenzi za kale za pwani, kama Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, ziliandikwa kwa herufi hizo. Baadaye, tangu karne ya 19, herufi za Kilatini zikaja na shule na vitabu vipya, na polepole zikashika nafasi. Wazee wengi wa pwani waliendelea kuandikiana barua kwa herufi za zamani, wala hawakupelekwa uhamishoni kwa kosa hilo. Basi si herufi zenyewe zilizoleta ugomvi katika Lithuania. Ni kusudi lililokuwa nyuma yake.

Kusudi lilikuwa hili: wakuu wa Kirusi waliziona herufi za Kilatini kuwa kamba iliyowafunga Walithuania na Wapolandi pamoja na Kanisa Katoliki. Wakaona kwamba mtoto akizoea herufi za Kirusi atasoma vitabu vya Kirusi, akisoma vitabu vya Kirusi atasema Kirusi, na mwisho atasali kama Warusi wanavyosali. Walithuania walilielewa jambo hilo bila ya kuelezwa. Vile vitabu vya serikali walivikataa. Wengine walivitia motoni. Wengine waliviacha vikae hivyo hivyo, havifunguliwi.

Tena uangalie ni vitabu gani vilivyopigwa marufuku. Mtu aweza kudhani kuwa vilikuwa vitabu vya kuwachochea watu washike silaha. La hasha! Vingi vilikuwa vitabu vya sala, vitabu vya nyimbo za kanisani, kalenda za kuonyesha siku za kupanda na siku za sikukuu, na vitabu vidogo vya kumfundisha mtoto a, b, ch. Bibi kizee mwenye kitabu chake cha sala alikuwa na magendo nyumbani. Mtoto mwenye kitabu cha alfabeti alikuwa na magendo mkononi.

Lakini vitabu hivyo vilitoka wapi, ikiwa hapana mtu nchini aliyeruhusiwa kuvichapisha? Vilitoka ng'ambo ya mpaka. Upande wa magharibi palikuwa na Prusia ya Mashariki, jimbo la Wajerumani, ambako pia waliishi watu wasemao Kilithuania. Huko ndiko kilikochapishwa kitabu cha kwanza cha Kilithuania, kazi ya Martynas Mažvydas, katika mji wa Königsberg mwaka 1547. Sheria ya Kaisari haikufika huko. Basi askofu mmoja Mkatoliki, Motiejus Valančius, mtoto wa mkulima, alipeleka fedha kwa siri ili vitabu vichapwe katika mji wa Tilsit na miji mingine iliyokuwa karibu na mpaka, akapanga watu wa kuvivusha. Askofu huyo aliwakumbuka watoto pia. Mwaka 1868, katika marufuku yenyewe, kilitoka kitabu cha hadithi alichowatungia wao.

Wachapishaji walikuwa na hila moja ya kuchekesha. Katika ukurasa wa kwanza wa vitabu vingi waliandika kwamba kitabu kimechapwa Vilnius, tena katika mwaka uliotangulia marufuku, ili kikikamatwa mwenyewe aweze kusema kuwa ni kitabu cha zamani alichoachiwa na baba yake. Kwa hiyo mtoto alifunuliwa kitabu kipya, chenye harufu ya wino, ambacho ukurasa wake wa kwanza ulidai kuwa kina umri mkubwa kuliko yeye.

Watu waliovivusha vitabu huitwa kwa Kilithuania knygnešiai, yaani wachukuzi wa vitabu. Kazi yao ilikuwa ya hatari. Mpaka ulilindwa kwa mistari mitatu ya askari, mmoja nyuma ya mwingine. Wachukuzi walivuka usiku, hasa usiku wa mvua au wa theluji, wakiwa na magunia mgongoni. Mchana vitabu vilisafiri chini ya nyasi na nafaka katika magari ya farasi. Wanawake walivifunga mwilini ndani ya mavazi yao, na wengine walitembea kama waombaji, fuko begani. Aliyekamatwa alitiwa gerezani au alipelekwa uhamishoni, hata Siberia, na wako waliopigwa risasi papo hapo mpakani. Serikali ilinasa vitabu makumi ya maelfu. Lakini vilivyopita vilikuwa vingi zaidi.

Mashuhuri kupita wote alikuwa Jurgis Bielinis, aliyezaliwa mwaka 1846 katika jamaa ya wakulima. Alivusha vitabu kwa zaidi ya miaka thelathini. Polisi walimtafuta, wakaahidi zawadi kwa atakayemleta; walimshika zaidi ya mara moja, naye akawaponyoka. Leo siku aliyozaliwa, tarehe 16 Machi, huadhimishwa katika Lithuania kuwa Siku ya Mchukuzi wa Vitabu. Sijui nchi nyingi zilizomtengea mtu wa gunia siku katika kalenda yake.

Walakini, msomaji, ni lazima tujiulize swali moja. Mchukuzi avushapo gunia la vitabu, ampelekee nani? Kama katika vijiji hapana mtu ajuaye kusoma, basi amehatarisha maisha yake kwa ajili ya karatasi. Gunia lile lilihitaji wasomaji, na wasomaji wapya walihitaji mahali pa kufundishwa. Shule za serikali zilifundisha Kirusi. Palikuwa na waalimu wa vijijini waliohama nyumba hata nyumba, wakawafundisha watoto wachache wachache. Nao walipogunduliwa walitozwa faini au walifungwa. Basi mahali palipobaki salama kuliko pote palikuwa nyumbani, na mwalimu aliyekuwapo kila siku alikuwa mama.

Kipupwe cha huko ni kirefu, na usiku huingia mapema. Wakati huo shambani hapana kazi. Wanawake walikaa ndani wakasokota nyuzi za kitani na sufu kwa gurudumu. Mama aliweka gurudumu mbele yake, na mtoto akaketi au akasimama ubavuni pake, na kitabu. Mikono ya mama ilikuwa na kazi yake, mguu wake ulikuwa na kazi yake, lakini macho na masikio yalikuwa huru. Mtoto akasoma kwa sauti ndogo, silabi baada ya silabi. Akikosea, mama akamrudisha bila ya kuacha kusokota. Kama mlangoni pakabishwa, kitabu kikatoweka, pakabaki mama, mtoto na gurudumu. Na hakuna sheria ya Kaisari iliyokataza kusokota.

Mchongaji mmoja wa Kilithuania, Petras Rimša, mwaka 1906 aliifanyia sanamu picha hiyo ya mama, gurudumu na mtoto mwenye kitabu, akaiita Shule ya Lithuania, 1864 hata 1904. Katika miaka ya 1990 nchi hiyo ilipotoa fedha zake yenyewe, sanamu hiyo ilitiwa katika noti ya litas tano. Nchi nyingine hutia katika noti zao majemadari na wafalme. Walithuania waliona inafaa kumtia pia mama aliyefundisha watoto kusoma huku akisokota.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, husema Waswahili. Wengi huitumia methali hiyo kwa habari ya adabu tu. Katika Lithuania ilikuwa kweli hata kwa habari ya herufi. Akina mama wengi walijua kusoma lakini hawakujua kuandika, maana wao pia walifundishwa kwa kitabu cha sala. Basi walitoa walichokuwa nacho. Hawakungoja wapate elimu kamili ndipo wafundishe.

Je, kazi hiyo ya usiku ilizaa matunda? Tuna ushahidi. Mwaka 1897 serikali ya Urusi ilihesabu watu wake wote, na katika hesabu hiyo iliuliza ni nani ajuaye kusoma. Katika dola nzima, kwa kila watu 100, waliojua kusoma walikuwa 21. Katika jimbo la Kaunas, lililo katikati ya nchi ya Walithuania, idadi yao ilikuwa karibu mara mbili ya hiyo. Sitaki kukudanganya kwamba marufuku ndiyo iliyowafundisha watu kusoma. Kanisa lilikuwa limeanza kuwafundisha kabla yake. Lakini twaweza kusema kwa hakika kwamba miaka thelathini na mitatu ya marufuku haikufaulu kuwasahaulisha. Serikali iliyokataza vitabu ilihesabu wasomaji kwa mkono wake mwenyewe, ikawakuta wako.

Jambo jingine lilitokea ambalo watawala hawakulitazamia. Mtoto aliyesoma kitabu cha sala kwa siri alipokua alitaka kusoma mambo mengine. Mwaka 1883 lilianza huko Prusia gazeti la Aušra, yaani Alfajiri, likiongozwa na daktari Jonas Basanavičius. Na mwaka 1889 likafuata Varpas, yaani Kengele, la daktari mwingine, Vincas Kudirka, ambaye ndiye aliyetunga wimbo wa taifa la Lithuania. Magazeti hayo nayo yalivushwa mpakani katika magunia yale yale. Askofu alitaka watu wasali kwa lugha yao. Sasa watu walisoma habari za historia yao, kilimo chao na haki zao. Kama kitabu cha sala kingaliachwa kiuzwe sokoni, pengine mwenye nacho angalikiona kuwa kitabu cha sala tu. Kwa kukipiga marufuku, serikali ilimfundisha kila mwenye nacho kwamba herufi zake zina thamani kubwa, kiasi cha kumfanya Kaisari aziwekee askari.

Mwaka 1904 Urusi iliingia vitani na Japani, ikahitaji utulivu na utii wa mataifa yaliyokuwa chini yake. Mahakimu wa juu wa Urusi walikuwa wamekwisha kuona kwamba marufuku ile haikuwa na msingi mzuri wa sheria. Tena ilikuwa dhahiri kwamba imeshindwa. Tarehe 7 Mei mwaka huo ikaondolewa, baada ya miaka arobaini. Mtoto aliyezaliwa ilipoanza alikuwa sasa mtu wa makamo, na labda alikuwa na watoto wake mwenyewe, aliowafundisha kando ya gurudumu.

Miaka kumi na minne baadaye, tarehe 16 Februari 1918, watu ishirini walitia sahihi tangazo la uhuru wa Lithuania, na Basanavičius alikuwa mmoja wao. Wengi katika hao ishirini walizaliwa marufuku ikiwa imekwisha kuanza. Utoto wao wote kitabu cha lugha yao kilikuwa kitu cha kufichwa. Jurgis Bielinis hakuiona siku hiyo. Alikuwa amekufa mwezi mmoja tu kabla yake.

Nchi hiyo ilitekwa tena, na Umoja wa Kisovieti, mwaka 1940, na tangu mwaka 1972 watu wake wakawa wanaandika na kusambaza kwa siri gazeti la kueleza mateso ya waumini. Hawakuwa na haja ya kufundishwa namna ya kuficha karatasi. Hadithi za babu zao ziliwafundisha. Uhuru wao walirudishiwa mwaka 1990.

Usidhani, msomaji, kwamba mambo haya ni ya Ulaya peke yake. Hapa kwetu Kenya, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari mwaka 1952, ilipiga marufuku magazeti na vitabu vya nyimbo vya Kikuyu, ikazifunga shule nyingi ambazo Wakikuyu walizijenga wenyewe. Gakaara wa Wanjaũ, mwandishi na mchapishaji, alikamatwa mwaka ule ule, akakaa kizuizini miaka mingi. Huko kizuizini aliandika habari za kila siku kwa siri, akazificha. Na zilipotolewa kitabu, kitabu hicho kilipata tuzo ya Noma mwaka 1984. Karatasi zilizofichwa na mtu mmoja sasa zasomwa waziwazi na kila apendaye.

Basi tumejifunza nini? Kwanza, tumejifunza namna ya kupima katazo. Ukikatazwa kitabu, usikimbilie kusema kwamba unaonewa. Uliza: Je, anayekataza asema "bado," au asema "kamwe"? Je, anamkataza mtoto, au anaukataza ukoo mzima, na lugha nzima? Mzazi wako aliyeweka kitabu juu ya kabati hana budi kuheshimiwa, nawe waweza kumwuliza sababu. Muravyov hakuwa na sababu ambayo angaliweza kumwambia mtoto wa Kilithuania usoni.

Pili, tumeona kwamba marufuku haikushindwa na mashujaa peke yao. Wachukuzi walistahili sifa wanazopewa. Lakini kama jioni moja akina mama wote wangalichoka, na watoto wote wangalikataa kusoma kwa kuwa macho yanauma na moto hautoi nuru ya kutosha, magunia ya Bielinis yangalikuwa mzigo wa bure. Haba na haba hujaza kibaba. Ukurasa mmoja kila usiku, kwa miaka arobaini, ndio uliojaza kibaba hicho.

Nami niliye mwalimu nakuomba jambo moja tu, si kubwa. Wewe una vitabu katika maktaba ya shule, na hapana askari mlangoni. Una vitabu vya Kiswahili, na huenda una vya lugha ya mama yako. Utakaporudi nyumbani likizo ijayo, chukua kimoja. Huenda nyumbani yupo mdogo wako anayeanza kuzijua herufi, au yupo bibi yako ambaye hakupata nafasi ya kuzijua. Keti naye jioni kazi zikiisha, umsomee kwa sauti. Huna haja ya kuificha sauti yako.